Saa Isiyousikia Moyo wa Sufiani

Mume wangu Sufiani ni mpishi wa shughuli. Kama umewahi kula pilau la harusi hapa Bagamoyo, ukarudi kuongeza huku ukijifanya unamchukulia mtoto, basi huenda lilikuwa la kwake. Hapiki chini ya kilo thelathini. Nyumbani hapiki kabisa. Nikiumwa hunipeleka kwa dada yake nikale huko, kwa sababu sufuria zangu, anasema, ni ndogo mno na zinamchanganya akili.

Ni mtu mwema, sina la kumsema katika hilo, lakini ana maringo ya kazi. Mwiko wake wa mninga hakuna anayeugusa. Akifika kwenye shughuli hasalimii watu kwanza, anasalimia mchele: anauchota, anaunusa, anatia punje mbili mdomoni, kisha ndipo anawageukia wenye nyumba na kuuliza habari za asubuhi. Nimekaa naye miaka thelathini na moja, na kila chakula changu amekisifu kwa kuongeza neno "ila".

Mwanzoni mwa Mfungo Nne alikwenda Mapinga kupika harusi ya watu waliohamia kutoka Dar, wale wanaojenga ukuta kabla ya nyumba. Akiwa anapalia mkaa juu ya vifuniko, moyo ukamwenda mbio, akaegemea gunia la mchele. Mtoro alimkuta anatokwa jasho jembamba, na bado ananyoosha kidole kuonyesha sufuria ipi igeuzwe. Huyo Mtoro ni mtu mzima wa Kiwangwa, alijifunza upishi kwa Sufiani na mpaka leo anamwita mwalimu. Ndiye aliyemkimbiza Dar kwa gari la bwana harusi, na maua yake yote juu.

Daktari wa moyo, kijana mpole mwenye miwani, alimpa vidonge na kumkataza sufuria kubwa. Sufiani akamuuliza kama katazo hilo linahusu na maulidi. Maana maulidi ya mtaa wetu, kila Mfungo Sita, amepika yeye miaka ishirini na sita mfululizo, sufuria kumi na moja, kwa mapenzi ya Mtume na bila ujira. Daktari akasema tutaona. Alitaka rekodi ya mapigo ya moyo ya siku saba, Sufiani akiwa anatembea, anapanda ngazi, anapika kidogo kidogo. Mapigo yakikaa chini ya mia na ishirini, watazungumza. Yakipita hapo, au rekodi isipoletwa, pilau la maulidi atapika mtu mwingine, mwaka huu na miaka yote.

Binti yetu Naila, anayefanya kazi Dar, ndiye aliyeleta saa janja. Akaleta pia mkanda wa kufunga kifuani, kwa sababu saa peke yake, alisema, hudanganyika mkono ukiwa unakoroga. Mkanda ndio unaousikiliza moyo wenyewe. Ukishasikia unaipelekea saa habari bila waya, na saa inampelekea yeye. Akaujaribu kwanza na simu yangu, aone kama ni mzima. Ulikuwa mzima. Kisha akakumbuka foleni ya Tegeta, akachukua mkoba wake.

"Baba, we uunganishe tu na saa," alisema akiwa mlangoni. "Ni rahisi."

Watoto wa siku hizi wakikwambia jambo ni rahisi, wanamaanisha kwamba wao hawatakuwepo. Ilikuwa imebaki wiki tatu maulidi yafike.

Siku ya kwanza Sufiani aliufunga mkanda juu ya fulana. Nikamwambia karatasi imesema ugusane na ngozi. Akasema karatasi haijui heshima. Saa ikaandika kwamba haioni kitu. Siku ya pili akakubali ngozi, kwa masharti kwamba dirisha lifungwe. Saa haikuona kitu. Mimi nikaufua mkanda ule nikauanika kwenye kamba pamoja na nguo nyingine, na jirani yangu Ashatu, ambaye macho yake hayana kazi nyingine, akauliza juu ya ukuta tangu lini nimeanza kuvaa sidiria nyembamba namna ile. Sufiani alikuwa anakunywa chai uani. Tangu siku hiyo mkanda unakauka ndani ya kabati.

Siku ya tatu akaamua kwamba ni tatizo la mtandao. Akaenda kununua vocha. Alirudi akiwa ameikwangua, ananiuliza namba za vocha zinaingizwa wapi kwenye mkanda.

Siku ya nne akasikia kutoka kwa watu wa barazani kwamba kifaa kikikorofisha kinawekwa ndani ya mchele. Wengine husema hivyo kwa simu iliyolowa maji, na saa yake haikuwa imelowa hata tone, lakini ukishamtajia Sufiani mchele umemaliza. Nilimkuta jikoni akiwa na bakuli. Alikuwa ameukataa mchele wangu wa kila siku kwa sababu una chenga, akafungua ule wa Kyela aliouweka kwa ajili ya maulidi. Akaupepeta kwanza. Saa ikalala humo tangu alfajiri hadi adhuhuri, ikatoka inanukia vizuri, na haikuona kitu.

Sasa niseme na langu, maana nimemcheka mume wangu vya kutosha.

Siku ile ya pili, Sufiani alipokubali kuufunga mkanda kwenye ngozi, simu yangu ilitikisika kwenye pindo la kanga. Nikaitazama. Kulikuwa na moyo mdogo mwekundu, unadundadunda, na chini yake namba: sabini na mbili. Namba ikapotea, ikarudi, sabini na nne. Nilisimama pale jikoni huku maziwa yakimwagika. Tangu ile siku ya Mapinga nilikuwa namwangalia akilala kifua kama kinapanda, akichelewa msikitini nasimama mlangoni, na ghafla nikawa nao moyo wake mkononi, kwa hesabu kabisa. Sikumwambia. Angeniambia niache kumchunguza. Basi yeye akawa anahangaika na saa yake chumbani, mimi jikoni natazama namba na roho yangu inatulia. Wallahi sikujua kwamba mambo haya mawili yanahusiana.

Siku ya saba nilimwita Feisal, fundi simu mwenye kibanda karibu na soko. Alikuja na kimkoba chake, akatusalimu shikamoo mmoja mmoja, akaomba Mzee avue shati. Dirisha likafungwa. Feisal akagusa kifua cha Sufiani kwa kidole, akakitazama kidole.

"Mzee, hapa umepaka nini?"

"Mafuta ya nazi."

"Kiasi gani?"

"Kiasi cha mtu mstaarabu."

Hapo niliingilia kati, kwa sababu kijana asingejua. Sufiani hukuna nazi mwenyewe, hukamua mwenyewe, na kila akitoka kuoga hujipaka kutoka shingoni hadi kitovuni, mpaka ukimshika anateleza. Ndivyo alivyolelewa na mama yake. Mkanda ule mchana ulikuwa ukiteremka taratibu hadi tumboni, na nadhani kuna siku ulikuwa unasikiliza njaa.

"Ndiyo maana hausikii vizuri," Feisal akasema. "Hivi vipande viwili vya mpira mweusi vinahitaji unyevu, Mzee. Maji, au jasho. Mafuta yanauzibia."

"Kwa hiyo nitoke nje nikiwa nimepauka."

"Kifuani tu, Mzee. Hakuna atakayeona."

Sufiani aliosha kifua kwa sabuni kama mtu anayeonewa. Feisal akalowesha ule mpira, akakaza mkanda, akatazama kibetri chake cha duara akasema bado kizima. Mimi nilihisi simu ikitikisika kiunoni. Nikachungulia kwa siri: themanini na moja, na safari hii namba haikupotea hata mara moja. Saa, lakini, iliendelea kuandika kwamba haioni kitu.

Feisal akakuna kidevu. "Mkanda unafanya kazi. Basi kuna simu imeushika. Mkanda wa namna hii unashikana na kifaa kimoja tu kwa wakati mmoja. Ukishashikwa na simu, saa itautafuta mpaka ichoke. Nani mwingine aliwahi kuuunganisha na simu yake?"

"Hakuna," Sufiani akajibu. "Labda majirani. Yule Ashatu simuamini."

"Na Mama Naila?"

"Huyu? Simu yake ni ya kutazamia vitenge."

Wote wawili wakanitazama. Nilikuwa na nafasi ya kusema, tena nafasi nzuri, na nikasema, "Mimi nitajulia wapi mambo hayo." Feisal akaahidi kuulizauliza kwa mafundi wenzake Dar. Nilimsindikiza hadi mlangoni nikiwa nimebana pindo la kanga kwa kiwiko.

Niliogopa, nasema wazi. Rekodi ikipatikana na ikawa nzuri, Sufiani atarudi kwenye moto, sufuria kumi na moja, mkaa juu na mkaa chini, na mimi nitaletewa habari na mtu anayekimbia. Rekodi isipopatikana, atakaa nyumbani. Ni mimi niliyekuwa nachagua, na nilichagua akae nyumbani. Nilijiambia ni huruma. Kila siku kwa siku tatu nilimwona anaamka, anajiosha kwa sabuni, analowesha mpira, anafunga, anaiinua saa dirishani anaitazama, anaishusha. Hakuwa analalamika tena, na Sufiani asiyelalamika mimi simzoei.

Siku ya nne tangu Feisal aje, akamwita Mtoro. Alikuja kutoka Kiwangwa na mananasi mawili mkononi, akakaa kwenye ukingo wa kiti. Sufiani akaingia chumbani akatoka na mwiko. Alikuwa ameusugua, ameupaka mafuta yale ambayo kifua chake kilinyimwa.

"Mchele wa mwaka huu unakunywa maji sana," akamwambia. "Usipime kwa kikombe, pima kwa kidole. Na bizari usiikaange mpaka ikawa nyeusi, wewe una tabia hiyo."

"Mwalimu, mimi nitakushikia tu," Mtoro akasema. "Mwakani utarudi."

"Chukua, bwana."

Mtoro alipokea kwa mikono miwili, hajui pa kutazama. Mimi nilikuwa nyuma ya pazia. Nikafungua simu kutazama moyo wa mume wangu katika dakika ile. Sitini na nne. Namba ya kijana wa miaka ishirini. Daktari angeipigia makofi.

Mchana huo nilipika wali na samaki wa kupaka, nikauharibu kwa chumvi kwa sababu akili haikuwepo. Sufiani akala wote. Akanawa, akasema, "Chakula kizuri, Mama Naila." Nikangoja. Hakuongeza kitu. Akaenda kukaa barazani akitazama watu wakipita, na hakumkosoa hata mmoja. Hapo nikajua nimemvunja mume wangu, na kwamba namba ile niliyokuwa naitunza kiunoni haikuwa yeye.

Nilivaa baibui nikaenda moja kwa moja kwa Feisal, nikamwekea simu mbele yake juu ya kioo. Nikamweleza yote. Kijana ana adabu, alicheka ndani ya droo akijifanya anatafuta bisibisi.

"Ukiuondoa hapa, Mama, namba haitakuja kwako tena," akasema. "Itakuwa kwenye saa ya Mzee na kwa Naila. Bonyeza hapo mwenyewe."

Nikabonyeza. Ule moyo mwekundu ukazimika, nikaona kioo kitupu na uso wangu. Tukafunga kibanda tukaja nyumbani. Feisal akaniamuru niiache simu kwa Ashatu ili isije ikaurukia mkanda tena, akaiambia saa itafute, na haikufika hata nusu dakika. Saa ikalia mlio mdogo. Sabini na sita. Sufiani akaitazama kama mtu aliyepigiwa simu na ndugu wa zamani.

Feisal alipoondoka nilimwambia mume wangu ukweli, wote, na wa siku zile tatu. Nilitegemea anigombeze. Aligeuza geuza saa mkononi.

"Nilipokuwa namkabidhi Mtoro mwiko," akasema mwishowe, "simu yako ilisoma ngapi?"

"Sitini na nne."

"Basi hicho kidude kinadanganya," akasema, akaingia ndani kuswali.

Hakuniambia amenisamehe, ila jioni aliniambia mchuzi ulikuwa mzuri ila umezidi ndimu, nikafurahi kuliko siku aliyoniposa.

Zilikuwa zimebaki siku kumi. Saba za rekodi, kisha daktari. Siku ya kwanza hadi ya nne zilikwenda vizuri: alitembea mpaka ufukweni na kurudi, alipanda ngazi za msikiti, alipika kilo mbili kwa manung'uniko. Siku ya tano kulikuwa na akika ya mtoto mchanga hapo mtaani kwetu, na mpishi alikuwa Mtoro. Sufiani akaalikwa kama mgeni. Akawekewa kiti cha plastiki kivulini, hatua nne kutoka kwenye sufuria, na Naila akanipigia akiwa Dar kunisisitiza nikae karibu na nitazame saa.

Basi nikakaa. Mtoro akatia mafuta: tisini na nane. Mtoro akatia vitunguu, akavigeuza, akaviacha aende kuongea na mtu: mia na tano. Sufiani amekaa tu, mikono juu ya magoti, anatabasamu na wageni. Mtoro akatia bizari. Moshi ukapanda, bizari ikaanza kuwa nyeusi, na mimi nikaona kwa macho yangu saa inaandika mia na kumi na saba, mia na kumi na tisa. Mtoro akachukua kikombe apime maji. Mia na ishirini na sita.

Namba niliyokuwa naiomba ilikuwa hiyo. Imepita, imeandikwa, imekwenda kwa Naila. Ningekaa kimya tu na mambo yameisha, asingegusa tena sufuria kubwa maisha yake, na lawama ingekuwa ya saa. Nilimtazama usoni. Kile kitabasamu bado kilikuwepo, na mshipa wa shingoni unacheza. Kiti kilikuwa kinamuua.

"Mtoro," nikasema, "mpe mwalimu wako mwiko."

"Mama Naila, mimi sina tatizo, lakini daktari..."

"Mpe, mwanangu, kabla hujatia hayo maji."

Sufiani hakungoja kuambiwa mara mbili. Aliinuka, akamwaga maji ya kikombe, akatia mengine akiyapima kwa kidole, akakoroga akizunguka taratibu kama anavyozunguka siku zote, huku akimweleza Mtoro nini kimeharibika na kinaokolewaje. Mimi nilimfuata nyuma nimemshika mkono wa saa, watu wakadhani tunacheza. Mia na kumi na mbili. Mia na tatu. Alipofunika kifuniko, tisini na nne.

Naila akapiga simu. "Mama, saa nane na robo Baba alikuwa anafanya nini? Moyo ulipanda mpaka mia na ishirini na sita."

"Alikuwa amekaa."

"Na saa nane na nusu, ulipotulia?"

"Alikuwa anapika."

"Nitamwambiaje daktari?"

"Mwambie hivyo hivyo. Kama hataki kuamini, nitakwenda mimi."

Nilikwenda. Daktari aliutazama ule mchoro wa siku saba, akauliza, akauliza tena, akavua miwani. Mwisho alisema Sufiani apike maulidi, lakini kuinua sufuria na kupalia mkaa kufanywe na wengine, vidonge visikosekane, mkanda uwe kifuani. Na akaandika kwenye karatasi, kwa mkono wake, kwamba mgonjwa asikae karibu na pilau linalopikwa na mtu mwingine. Sufiani ameibandika karatasi hiyo ukutani sebuleni.

Siku ya maulidi, baada ya adhuhuri, wanaume walikuwa uwanjani na sufuria zao, sisi wanawake upande wa pili wa ukuta tunamenya vitunguu. Nilikuwa na bakuli mapajani. Mara tatu mkono wangu ulikwenda kiunoni kutafuta simu, na mara tatu nikakumbuka haina kitu cha kuniambia. Kisha upande wa pili kukawa kimya. Hakuna mwiko, hakuna sauti, hata watoto walinyamaza. Kisu kikasimama mkononi. Kama ningekuwa nimefungwa mimi ule mkanda dakika ile, daktari angenilaza.

Ndipo nikamsikia. "Mtoro, huo mkaa unapalia pilau au unachoma mahindi? Punguza, bwana, punguza, hapana, sio huo, ule." Na akaendelea, akapanda hadi ukoo mzima wa waliomfundisha Mtoro kuwasha moto, akisahau kwamba ni yeye. Wenzangu wakacheka. Mimi nilifuta macho kwa ncha ya mtandio, wakasema ni vitunguu, nikawaachia waseme, nikachukua kingine nikaendelea kumenya.